Nyuzi Zinazokwenda Polepole

Ukikaa mkekani msibani kwa muda mrefu, mguu mmoja umeukunja chini ya mwingine, ukitaka kuinuka unaukuta umekufa ganzi. Siku nyingine hali hiyo ikikupata, usiharakishe kuunyoosha. Pitisha ncha ya kidole juu ya ngozi: husikii kitu. Jaribu kuinua vidole vya mguu: havitii. Sasa jifinye kwa kucha, ufinye kwelikweli. Kwanza kimya. Kisha, baada ya kitambo kidogo, yanakuja maumivu ya kuchoma, yanayosambaa, makali kupita kifinyo chenyewe. Mguu usiosikia mguso, usioweza hata kujikunja, bado unauma.

Nimelipenda jaribio hili tangu nikiwa chuoni, kwa sababu halihitaji kifaa wala maabara na linaonyesha wazi jinsi mshipa wa fahamu ulivyo. Mshipa mkubwa unaoshuka nyuma ya paja hadi mguuni umebeba nyuzi nyingi mno, kila uzi na unene wake, mwendo wake na kazi yake. Ukiukalia, nyuzi nene ndizo zinazosalimu amri mwanzo, na hizo ndizo zinazobeba mguso na kuamrisha misuli. Nyuzi nyembamba kabisa, zile za maumivu ya kuchoma, zinavumilia mgandamizo muda mrefu zaidi. Ndiyo maana kifinyo kinafika, ila kinafika kimechelewa.

Mimi ni tabibu, nafanya kazi hapa Kigoma, na sehemu kubwa ya wiki yangu inakwenda kwa watu wenye kisukari na miguu yao. Naandika kuhusu nyuzi hizi kwa sababu naona tunazipima nusu. Mtu akisema miguu yake haina habari, tunamgusa kwa uzi wa nailoni, tunamwekea chuma cha mtetemo kwenye kidole gumba, akijibu vizuri tunaandika kwamba mishipa iko salama. Vipimo vyote viwili ni vya nyuzi nene. Zile nyembamba hakuna aliyeziuliza.

Tuanze na mwendo, maana hata wanasayansi walianzia hapo. Hadi katikati ya karne ya 19 wataalamu wengi waliamini kwamba ujumbe wa neva unakwenda kasi ambayo binadamu hataweza kuipima. Johannes Müller, mwalimu mkubwa wa fiziolojia kule Ujerumani, alikuwa mmoja wao. Mwanafunzi wake, Hermann von Helmholtz, akachukua mshipa wa chura ukiwa bado umeungana na msuli wake, akausisimua kwa umeme karibu na msuli, kisha mbali na msuli, akapima tofauti ya muda. Mwaka 1850 alitoa jibu: kama mita 27 kwa sekunde. Ni mwendo wa gari lililo kwenye lami nzuri, ungeweza kuulinganisha na basi la Kasulu. Watu walishangaa kwamba fahamu ina mwendo, tena mwendo usiotisha.

Helmholtz alipata namba moja tu. Kwamba namba ziko nyingi ndani ya mshipa mmoja lilikuja kuonekana wazi miaka ya 1920 huko St. Louis, Marekani. Joseph Erlanger na Herbert Gasser walitumia oskiloskopu, kifaa ambacho wakati huo kilikuwa kipya kabisa kwenye kazi za mwili, wakaangalia umeme unavyopita kwenye mshipa. Walipopiga mshtuko mmoja na kupokea ujumbe karibu, waliona wimbi moja. Walipopokea mbali zaidi, wimbi lile likagawanyika kuwa vilima kadhaa, kimoja nyuma ya kingine. Jumbe za nyuzi zote ziliondoka pamoja, za nyuzi zenye kasi zikafika mapema. Kutokana na vilima hivyo wakazipa nyuzi majina ya herufi, A, B na C, na kundi la A likagawanywa kwa herufi za Kigiriki: alfa, beta, gama, delta. Mwaka 1944 walipewa Tuzo ya Nobel, na majina yale ndiyo tunayoyatumia mpaka leo.

Zilizo nene kuliko zote ni A-alfa. Upana wake ni mikromita 12 hadi 20. Unywele wa mtu una mikromita kama 70, kwa hiyo hata huu mnene hauonekani kwa macho. Vitabu vinazipa mwendo wa mita 70 hadi 120 kwa sekunde, ingawa kwa mkono wa mtu mzima mwenye afya, mashine ya kupima mishipa kwa kawaida inasoma 50 hadi 60 na kitu. Kazi yake ni kupeleka amri kwenye misuli, na pia kurudisha habari za msuli wenyewe: umevutika kiasi gani, unabeba mzigo gani. Daktari akikugonga chini ya goti kwa nyundo ya mpira na mguu ukaruka, umeona A-alfa zikienda na kurudi. Hukuwa na nafasi ya kufikiri, maana habari iliishia kwenye uti wa mgongo ikageuka hapohapo.

A-beta zinafuata, mikromita 5 hadi 12, mita 30 hadi 70 kwa sekunde. Hizi ni za mguso, mgandamizo na mtetemo. Ukiingiza mkono mfukoni ukatofautisha sarafu ya mia na ya mia mbili bila kuangalia, ni A-beta za ncha za vidole. A-gama sitazizungumzia sana; zinakwenda kwenye vipimio vilivyo ndani ya misuli na kuvirekebisha visilegee. B ni nyembamba, chini ya mikromita 3, za mfumo usiotawaliwa na hiari: mishipa ya damu, moyo, jasho, tumbo. Tutazirudia kwenye chumba cha upasuaji.

A-delta na C ndizo zinazonishika moyo. A-delta ina mikromita 2 hadi 5 na inakwenda mita 12 hadi 30 kwa sekunde. Inabeba ubaridi na maumivu ya kwanza, yale ya kuchomwa, makali na yenye mahali pake hasa. C haifiki mara nyingi hata mikromita moja na nusu. Mwendo wake ni nusu mita hadi mita 2 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea. Inabeba joto, mwasho, na maumivu ya pili, yale ya kuunguza na kupwita yanayokaa. Kujikwaa kidole gumba gizani kunaonyesha yote mawili. Kutoka kidole cha mguu hadi uti wa mgongo ni karibu mita moja kwa mtu mzima. Maumivu ya kwanza yanaimaliza safari hiyo ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na ujumbe wa C unachukua sekunde nzima. Ule muda mfupi unaposhika ukuta ukisema moyoni "sasa inakuja", unasubiri nyuzi za C.

Tofauti hii kubwa ya mwendo haitokani na unene peke yake. Nyuzi za A na B zimevikwa mayelini, utando wenye mafuta mengi ambao seli za Schwann huuzungusha kwenye uzi, safu juu ya safu. Utando huo haufuniki mfululizo. Kila baada ya milimita moja hivi, kwa uzi mnene, unaacha nafasi ndogo mno iliyo wazi, inayoitwa kifundo cha Ranvier kwa jina la Mfaransa Louis-Antoine Ranvier. Umeme wa neva unazaliwa upya kwenye vifundo hivyo tu, kwa hiyo ujumbe unakwenda kama mtu anayevuka mto kwa kuruka jiwe hadi jiwe. Uzi wa C hauna mayelini. Seli moja ya Schwann inakumbatia nyuzi kadhaa za C kwa pamoja bila kuzizungushia tabaka, na ujumbe unalazimika kuzaliwa upya kila hatua ya ngozi ya uzi huo, mwanzo hadi mwisho.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwili uwe na nyuzi dhaifu hivyo. Mayelini inakula nafasi. Kama kila uzi ungevikwa, mshipa wa mguu ungekuwa mnene kupita kiasi, na habari nyingi hazihitaji haraka hiyo. Kwamba maji ya kuoga yana uvuguvugu, au kwamba kidonda cha jana bado kinahitaji kutunzwa, ni habari inayoweza kuchelewa sekunde moja bila hasara. Nyuzi za C ziko nyingi sana, na zimetapakaa hadi tabaka la juu kabisa la ngozi.

Tena hazibebi mabaya tu. Kwenye ngozi yenye vinyweleo kuna nyuzi za C zinazoitikia mguso mwepesi wa polepole, mkono unaopita kama sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na zinaitikia vizuri zaidi mkono huo ukiwa na joto la ngozi ya mtu. Bibi anayempitishia mjukuu mkono mgongoni mpaka asinzie anakwenda kwa mwendo huohuo. A-beta zinampa mtoto habari ya wapi na lini ameguswa. Utulivu unapitia C. Naona ni jambo zuri kuliko mengi niliyojifunza darasani.

Pilipili nayo inapita njia ya C. Ukikata pilipili bila kunawa vizuri, vidole vinawaka hadi usiku bila moto wowote. David Julius na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, inafungua mlango uleule kwenye nyuzi ambao joto la nyuzijoto 43 na kuendelea huufungua. Kwa mshipa, pilipili na kaa la moto ni habari moja. Kwa kazi hiyo na nyingine alipata Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua milango ya mguso.

Kila ukijigonga unajisugua, na kujisugua kunasaidia. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza sababu: kwenye uti wa mgongo, habari za nyuzi nene zinaweza kupunguza zile za nyuzi nyembamba zisipande zote kwenda ubongoni. Sehemu za maelezo yao zimerekebishwa baadaye, lakini wazo la msingi bado limesimama, na linafundishwa.

Sasa chumba cha upasuaji. Akina mama waliojifungua kwa operesheni baada ya kuchomwa sindano ya mgongo wanasimulia jambo moja: "Nilisikia wananivuta, wananibonyeza, lakini sikuumia." Wengine huogopa kwamba dawa haikushika. Ilishika. Dawa ya ganzi hainyamazishi nyuzi zote kwa wakati mmoja wala kwa kiwango kimoja. Kwa sindano ya mgongo, za B hutangulia: mishipa ya damu inalegea, miguu inakuwa na joto, presha inaweza kushuka, ndiyo maana muuguzi haachi kutazama mashine. Zinafuata za ubaridi na maumivu, kisha mguso, na mwisho nguvu ya misuli. Mtaalamu wa usingizi anapokupitishia kitu cha baridi tumboni akiuliza kama unasikia ubaridi, anapima nyuzi nyembamba kabla hajaruhusu kisu. Angalia kwamba mpangilio huu umepinduka ukilinganisha na mguu uliokaliwa msibani. Mgandamizo unaanza na nene, dawa inaanza na nyembamba.

Magonjwa nayo yana upendeleo wake, na hapa ndipo kliniki zetu zinapohusika.

Alikuja bibi mmoja anayechemsha chikichi kwa ajili ya mawese, mwenye sukari ya miaka mingi. Kazi yake ni kusimama karibu na pipa juu ya moto wa kuni, akikoroga, akiongeza maji, mguu wa kulia ukiwa upande wa moto. Alipovua kandambili niliona lengelenge kubwa pembeni mwa kisigino, tayari limepasuka.

"Shikamoo bibi. Umeungua lini?"

"Marahaba mwanangu. Nimeungua? Hizi ni kandambili zimenichubua."

Nilimgusa kwa uzi wa nailoni akiwa amefumba macho. Akataja kila mahali bila kusita. Chuma cha mtetemo alikisikia hadi kinanyamaza. Kwa fomu yetu, miguu yake ilikuwa mizima. Nikachukua chupa mbili ndogo za kioo, moja nikaitia maji ya mtungi, nyingine maji ya vuguvugu ya chupa ya chai, nikazigusisha juu ya wayo, moja baada ya nyingine. Ya kwanza alifikiri kidogo, akasema, "Hii baridi." Ya pili alikaa kimya. "Umeniwekea kitu?" akaniuliza. Nikaiacha palepale. Hakusikia joto lolote. Nilipoipandisha hadi karibu na goti akaishtukia mara moja.

Ubaridi unabebwa zaidi na A-delta, joto linabebwa zaidi na C. Za bibi za C, kuanzia wayo hadi chini ya goti, zilikuwa zimekwisha au zimenyamaza, na A-delta zilikuwa zimeanza kulegea. Cheche ingemrukia angeiruka, kwa sababu moto mkali wa ghafla unaziamsha A-delta. Kilichomuunguza ni joto la wastani lililokaa muda mrefu, na kulipigia kelele joto hilo ni kazi ya C hasa. Kisukari kwa kawaida huanza na nyuzi zilizo ndefu kuliko zote, ndiyo maana vidole vya mguu hutangulia na ganzi hupanda taratibu, na kwa wagonjwa wengi nyembamba huharibika mapema kuliko nene. Hata mashine kubwa ya kupima mishipa kwa umeme isingelisema hili, kwa kuwa inasoma nyuzi nene zenye mayelini tu. Bibi angeweza kusafirishwa hadi Dar es Salaam akarudi na karatasi isemayo hakuna tatizo.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa kinyume chake. Alikuja akisema miguu imelegea, anayumba, na usiku akienda chooni anaanguka. Moto anausikia, mwiba anausikia, maji ya ziwa alfajiri anayasikia baridi yake yote. Lakini nilipomsimamisha miguu pamoja na kumwambia afumbe macho, aliyumba mpaka nikamdaka. Nikashika kidole chake gumba nikakipandisha, nikakishusha. Hakuweza kusema kimeelekea wapi. Nyuzi zake nene ndizo zilizokuwa zimelala, zile zinazomwambia mtu viungo vyake viko wapi. Mchana macho yalimsaidia, gizani hakuwa na msaada. Alikuwa ametumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi, na dawa hiyo, yenye manufaa makubwa, ikitumika muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Huko ndiko tulikoanza kutafuta.

Wote wawili walitumia neno ganzi. Mmoja alihitaji kulindwa na moto, mwingine kulindwa na giza, na ushauri wa mmoja usingemsaidia mwenzake. Yupo Mwingereza anayejulikana katika taaluma hii, Ian Waterman, ambaye mwaka 1971 akiwa na miaka 19 alipoteza nyuzi nene za mguso na za kujua mkao wa viungo, kuanzia shingoni kushuka chini, baada ya maradhi. Misuli yake ilibaki na nguvu, maumivu na joto aliendelea kusikia. Hakuweza kuketi wala kusimama mpaka alipojifunza upya kuongoza kila kiungo kwa kukitazama. Nikimkumbuka huyo, hali ya mzee wangu inanielea vizuri zaidi.

Ukoma nao lazima niutaje, kwa sababu Tanzania bado inapata wagonjwa wapya kila mwaka. Bakteria aliyegunduliwa na Mnorwei Gerhard Armauer Hansen mwaka 1873 anaishi ndani ya seli za Schwann zenyewe, na anapenda sehemu za mwili zilizo baridi: masikio, pua, mikono, miguu. Mara nyingi uwezo wa kutofautisha moto na baridi hupotea kwanza, halafu maumivu na mguso. Baka lililopauka ambalo halitambui chupa ya vuguvugu ni sababu tosha ya kwenda kituo cha afya mapema. Dawa zipo, ni mchanganyiko unaotolewa bure kwa miezi 6 hadi 12, na zinaua bakteria. Nyuzi zilizokwisha kufa ndizo ambazo dawa hizo hazirudishi.

Kwa wanaotumia dawa za kifua kikuu: miguu ikianza kuwaka, sema. Isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, inaweza kuingilia vitamini B6, na kuna kidonge cha B6 cha kuzuia hali hiyo. Tusivumilie kwa kudhani ni ugonjwa wenyewe unatoka.

Uzi wa pembeni uliokatika unaweza kuota tena kama milimita moja kwa siku, iwapo njia yake ipo. Mayelini iliyobomoka yaweza kusokotwa upya. Nyuzi za C zikiharibiwa na sukari zinarudi kwa shida, na kwa wengi hazirudi, kwa hiyo kazi kubwa inabaki kuzuia: sukari ishuke, miguu itazamwe kila jioni, nyayo kwa kioo ikiwa mtu hawezi kuinama. Bibi amehamia upande wa pili wa pipa na amevaa viatu vya kufunika. Maji ya kuoga anayapimiwa na mjukuu, maana kwake hata mikono sina uhakika itabaki macho muda gani.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya: chupa mbili za kioo zinatosha. Moja iwe na maji ya kama nyuzijoto 25, nyingine 40, zikaushwe nje ili mgonjwa asibahatishe kwa unyevu. Anzia mahali pazima, kifuani au shavuni, ajue tofauti ikoje, ndipo ushuke mguuni. Mwambie afumbe macho. Usiulize "unasikia?", uliza "ni moto au baridi?", kisha mpe muda wa kujibu. Ukiiondoa chupa haraka, nyuzi za C hazijapata hata nafasi ya kufikisha habari.